Kalsiamu Si Ufagio wa Mafuta

Ewe msomaji kijana, huenda umekwisha kuyasikia maneno haya sokoni Keroka au bwenini mwenu: kwamba atakaye kukonda na ameze vidonge vya kalsiamu, kwani madini hayo huyafagia mafuta tumboni yasipate kuingia mwilini. Neno hili lina chembe ya kweli, na kwa ajili ya chembe hiyo lina hatari kuliko uongo mtupu.

Chembe yenyewe ni hii. Mafuta uliyoyala hufika katika utumbo mwembamba, yakachanganyika na nyongo, kisha yakavunjwa kuwa asidi za mafuta. Kalsiamu ikizikuta asidi hizo, hasa zile za samli, siagi na shahamu, hushikamana nazo zikawa sabuni isiyoyeyuka, nayo hutoka pamoja na choo. Wewe uliyelelewa Nyamira, penye mvua nyingi na maji laini, pengine hujaiona sabuni ya namna hiyo. Mwulize mtu wa Mombasa afuaye nguo kwa maji ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe. Atakuambia jinsi povu linavyokataa kutoka, na utando mweupe ukaelea juu ya maji. Utando ule ni sabuni iliyokamatwa na kalsiamu.

Basi, hukamatwa mafuta kiasi gani? Mwaka 2009 wataalamu wa Denmark walijumlisha majaribio yaliyofanywa kwa watu, wakaona kuwa kalsiamu ya maziwa ikiongezwa miligramu 1,241 kwa siku, mafuta yatokayo na choo huongezeka kwa gramu 5.2. Hayo hayajazi hata nusu ya kijiko kikubwa! Na kuipata kalsiamu hiyo yakupasa unywe lita nzima ya maziwa, ambayo, yasipoenguliwa, yana mafuta zaidi ya gramu 30. Ni mlinzi gani huyu afukuzaye mwizi mmoja, akawafungulia mlango wengine sita?

Mshindani wangu atasema kuwa vidonge havina mafuta. Kweli, havina. Lakini kalsiamu nyingi iliwayo pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe, nawe binti upotezaye damu kila mwezi wahitaji chuma kuliko kiuno chembamba. Tena mafuta hayo unayoyachukia ndiyo yausaidiao utumbo kuipokea vitamini A ya mboga. Mama wa Kisii aitiaye maziwa chinsaga yake, mboga ambayo Waswahili huiita mgagani, hupunguza uchungu wake, na papo hapo huipa mboga mafuta yanayohitajika.

Sisemi uiache kalsiamu. Mifupa yako ingali ikijengwa, nayo haijengwi bila kalsiamu. Gramu 100 za unga wa wimbi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, ijapokuwa haifyonzwi yote. Unga mweupe wa mahindi hauna hata 20. Nami nimewaona vijana wakiucheka ugali mweusi wa wimbi, ule obokima wa bibi zao, kisha wakaenda dukani kununua kwa fedha madini yale yale waliyoyaacha sahanini.