Mabadiliko ya Mashirika Yasimwelemee Mfanyakazi

Hakuna chombo cha umma kinachoweza kudumu bila kubadilika. Wizara huunganishwa, mashirika hugawanywa, mifuko ya pensheni huvunjwa na mingine kuundwa. Aghalabu mabadiliko ya namna hiyo huwa na sababu za haki: kupunguza gharama, kuzuia kazi moja isifanywe na vyombo viwili, au kusogeza huduma karibu zaidi na wananchi. Kuyapinga mabadiliko kwa kuwa tu ni mabadiliko ni kung'ang'ania ukale, na nchi inayojenga uchumi wake haina nafasi ya ukale.

Lakini kabla kibao cha zamani hakijang'olewa mlangoni, liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa: ni nani atakayeubeba mzigo wa mabadiliko hayo? Mwajiri na mfanyakazi hupitia mabadiliko yale yale, ila hawapiti njia moja. Mwajiri hazeeki. Chombo kikivunjwa leo, kazi zake hurithiwa na kingine kesho, na hasara ya mwaka huu yaweza kufidiwa na mapato ya miaka kumi ijayo. Mfanyakazi ana umri mmoja tu wa kufanya kazi. Haki yake ikicheleweshwa miaka kumi, hana miaka kumi mingine ya kuifidia.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi wa kutosha. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa Mkataba wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mashirika yake ya reli, bandari, posta na simu, na ndege yalikuwa yameajiri maelfu ya raia wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mali za mashirika hayo hazikukosa mwenyewe: kila nchi ilizishika zile zilizokuwa ndani ya mipaka yake, na mashirika ya kitaifa yakaundwa kuendeleza kazi. Haki za wafanyakazi ndizo zilizosubiri. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, na kwa mkataba huo kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa raia wake. Hata hivyo, hapa Tanzania mapatano ya malipo baina ya Serikali na waliokuwa wafanyakazi hao yalifikiwa Septemba 2005, baada ya shauri kufikishwa Mahakama Kuu. Ilikuwa imepita miaka 28. Wengine walikwisha fariki, na waliosimama kupokea ni warithi wao. Hata baada ya hapo, baadhi ya wazee waliendelea kudai kwamba walicholipwa hakikutimia.

Mtu hahitaji kumtafuta mwenye nia mbaya ili kueleza yaliyowapata wazee wale. Mali ilipata msimamizi mara moja, deni halikupata.

Funzo hilo lilihitajika tena mwaka 2018. Mwezi Agosti mwaka huo mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, huku NSSF ikiachiwa sekta binafsi. Kwa upande wa mwajiri, hatua hiyo ilikuwa ya busara. Mifuko ilikuwa ikigombania wanachama, kila mmoja ukiwa na bodi yake na gharama zake za uendeshaji, na PSPF ilikuwa imeelemewa na pensheni za utumishi wa kabla ya mwaka 1999 ambao haukuchangiwa. Ni haki pia kukiri kwamba mwaka 2021 Serikali ilianza kulilipa deni hilo kwa hati fungani zenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi, hata hivyo, mabadiliko hayo makubwa yalifika yakiwa tarakimu moja tu. Mwanachama wa PSPF au LAPF alikuwa na haki ya kupokea kwa mkupuo asilimia 50 ya mafao yake anapostaafu. Kanuni za mwaka 2018 zikaishusha hadi asilimia 25. Desemba mwaka huo Rais John Magufuli, baada ya kukutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizisitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 kikotoo kipya kikaweka asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 40 kwa makundi yaliyokuwa yakipata 50, na 35 kwa yale yaliyokuwa yakipata 25.

Watetezi wa kikotoo husema kwamba kinachopunguzwa katika mkupuo huongezwa katika pensheni ya kila mwezi, na kwamba mfuko usiolindwa leo hautamlipa mtu kesho. Kwa hesabu, hawakukosea. Mtumishi mwenye miaka 30 aweza kuipokea hoja hiyo, kwa kuwa anao muda wa kupanga upya. Lakini mwenye miaka 58 alikwisha jenga msingi wa nyumba akitegemea mkupuo uumalizie. Hawezi kurudi nyuma miaka thelathini akaanza kuweka akiba upya. Tarakimu iliyo mizania kwa mwajiri, kwake ni paa.

Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba mara mbili, mwaka 2018 na mwaka 2024, masahihisho yalikuja baada ya kilio. Serikali yenye kusikia ni tunu. Lakini inapendeza zaidi mfanyakazi asikilizwe kabla hajalia.

Njia ya kumsikiliza haihitaji kubuniwa. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakataza viongozi kuwa na kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Mabaraza hayo yapo hadi leo kwa mujibu wa sheria. Kadhalika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza. Ikiwa mashauriano ni lazima pale ajira inapokatwa, hayawezi kuwa hisani pale masharti ya uzeeni yanapobadilishwa. Baraza linaloitwa kupokea bajeti na kupiga makofi halijatimiza kazi yake.

Mambo matatu basi yafanywe kuwa desturi. Chombo kisivunjwe kabla ya kuorodheshwa kila deni kinachodaiwa na watumishi wake na kutajwa kisheria nani atalilipa. Mapendekezo yafikishwe kwenye mabaraza yakiwa na hesabu zake, wakati bado yanaweza kurekebishwa. Na waliobakiza miaka mitano kustaafu waachwe wamalizie safari kwa masharti waliyoanza nayo.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Anayengoja mwaka wa mwisho ndipo atafute barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo, na ambaye hajapata kukagua michango yake, anaidhoofisha haki yake mwenyewe.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kubadili jina la mdaiwa hakujapata kuwa dawa. Viongozi wanaopanga mageuzi mengine ya vyombo vya umma na wakumbuke kwamba shirika laweza kungoja, lakini mzee aliyemaliza utumishi wake hawezi.