Eti mwanamke wa jukwaani haolewi!

Huku kwetu Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi, mambo ni yale yale: vumbi, malori ya masafa na mabasi yanayopita mbio kama yanafukuzwa. Lakini wiki hii mwenzio nina kasheshe nyumbani, na sina pa kulisemea zaidi ya hapa kijiweni.

Iko hivi. Mimi na wenzangu tuna kikundi chetu cha maigizo. Si kikubwa, tuko tisa, tuna ngoma mbili na shuka moja ya pazia. Siku za mnada tunacheza, watu wanacheka, wanatutunza vijisenti vya soda. Mimi huwa nachukua nafasi ya mama mkwe mkorofi na, nisijisifu, ninaiweza. Sasa kajitokeza kijana wa watu, katuma washenga, nyumbani wamempenda, na mimi kusema kweli sijamkataa. Tatizo ni sharti. Washenga wanasema binti hana neno, ila mambo ya kupanda jukwaani ayaache. Jibu wanalifuata Jumapili.

Shangazi yangu ndiye aliyelishupalia. "Wewe mtoto," ananiambia, "umeona wapi mwanamke wa jukwaani akaolewa akatulia? Wote wahuni." Shangazi huyo huyo, mama ananipa siri, miaka ya 1990 alikuwa na kanda za taarabu kabati zima. Enzi zile za TOT na Muungano, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mipasho inarushwa mpaka watu wanakosa usingizi. Alikuwa anazicheza mpaka betri za redio zinatoa maji. Lakini kumbe kumsikiliza mwanamke wa jukwaani ni ruksa, ila asitoke nyumbani kwako!

Basi nikaona isiwe tabu, nikamkalisha shangazi jikoni nikamsimulia habari za Siti binti Saad. Na wewe msomaji kaa hapo usikie.

Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Naam, Mtumwa, wala sijakosea kuandika. Mama yake alikuwa Mzigua wa asili ya Tanga, na baba yake Saad alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora. Hapo shangazi akainua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa anapeta, kwa sababu Tabora si mbali na sisi: unashuka mlima Sekenke, unapita Igunga na Nzega, umefika. "Kumbe wa huku huku," akasema.

Kazi ya nyumba yao ilikuwa kufinyanga vyungu. Siti alikuwa anajitwika vyungu kutoka Fumba mpaka mjini kwa miguu, anavinadi njiani kwa sauti, na ile sauti ndiyo iliyomtangulia mjini kabla hajajulikana uso. Shule hakusoma, kalamu hakushika. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpigaji aliyetoka kwenye kile chama cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala.

Sasa ujue taarabu wakati ule ilikuwa kitu cha wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyempeleka mtu Misri kujifunza, na kilichoimbwa kwenye kasri kilikuwa Kiarabu kitupu. Mtu wa kawaida wa Ng'ambo anatikisa kichwa tu, maneno haelewi. Siti akaimba kwa Kiswahili. Kiarabu alikiweza, na Kihindi alikiimba pia, lakini Kiswahili ndicho kilichowakamata watu, maana kwa mara ya kwanza walisikia mambo yao wenyewe yanaimbwa: mahakama, wala rushwa, wanaume wanaopiga wake zao. Upo wimbo wake kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Bara, mjamzito, baada ya kumtoa kwenda ngomani. Muuaji akatorokea Bara, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa, eti kwa kosa la pombe. Siti akalitoa jambo hilo hadharani, kila mtu akalijua. Gazeti gani lingefanya hivyo wakati ule?

Jina la Siti lenyewe alipewa ukubwani, baada ya kutambuliwa. Kwa Kiarabu maana yake ni bibi mwenye heshima. Fikiria, unatoka kuitwa Mtumwa unakwenda kuitwa Bibi. Waliokuwa na wivu hawakukaa kimya. Walimsema sura, walimsema vyungu, wakatunga na wimbo wa kumsimanga. Naye hakwenda kulia kwa mtu, alijibu kwa wimbo. Wanaodhani mipasho ilianza na TOT wakajiulize upya.

Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake, kina Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaabani na Mbaruku, wakaenda Bombay, India, kurekodi santuri na kampuni ya HMV. Mwanamke wa Afrika Mashariki kurekodi sauti kwenye santuri lilikuwa jambo la kwanza kabisa. Mpaka 1931 santuri zake zilizouzwa zilitajwa kufika 72,000. Wakati huo gramafoni ni mali ya tajiri, kwa hiyo watu walijazana kwenye migahawa ya kahawa kumsikiliza, kikombe kimoja mtu anakaa nacho saa tatu. Mjuzi wa shamba aliyebeba vyungu kichwani sasa anaimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub.

Na usidhani ni Unguja tu wanawake wa namna hii walibandikwa majina. Kule Hispania karne ya 18 alikuwepo mwigizaji María del Rosario Fernández, mzaliwa wa Sevilla mwaka 1755. Mumewe naye mwigizaji, alizoea kucheza nafasi za watawala madhalimu, basi watu wakambandika mke jina La Tirana, yaani dhalimu wa kike. Mume acheze udhalimu, mke abebe jina! Lakini Goya, mchoraji mkubwa wa Hispania, alimchora picha, na picha zipo mpaka leo wakati mama mwenyewe alikufa Madrid mwaka 1803. Hii ya La Tirana nilimwambia shangazi juu juu tu, maana mchele ulikuwa umeshaisha kupetwa na macho yake yalikuwa yanatafuta sufuria.

Ndipo akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu mwanzo.

"Haya. Na huyo Siti aliolewa?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema kweli: aliolewa angali Fumba, akapata mtoto wa kike, ndoa ikavunjika. Mjini alikwenda bila mume.

"Unaona!" akapiga paja. "Nilikwambia mimi."

"Lakini shangazi, aliachika kabla ya jukwaa. Wakati anauza vyungu. Vyungu ndivyo vilivyovunja ndoa?"

Hapo akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikadhani nimemkosea adabu, na shangazi yangu ukimkosea adabu utaikumbuka siku hiyo. Mwenyewe shangazi aliachika mwaka mmoja baada ya harusi, na hajawahi kupanda jukwaa lolote isipokuwa la kanisani siku ya ubarikio.

Nikamalizia upesi upesi. Kwamba Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kwamba Shaaban Robert, yule yule tuliyemsoma shuleni, alimwandikia kitabu cha maisha yake. Kwamba akina mama waandishi wa habari wa TAMWA walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Kwamba Bi Kidude aliyefariki Aprili 2013, ambaye hata shangazi anamjua kwa sigara yake, alikulia kwenye kumsikiliza Siti.

"Sauti yake ipo?" akauliza. "Humo kwenye simu?"

Nikaitafuta. Mtandao wa hapa kwetu unajua wenyewe, tukatoka nje mpaka kwenye mwembe ndipo ukakamata. Ikalia: kwanza mkwaruzo kama mahindi yanakaangwa, halafu fidla, halafu yeye. Shangazi akasogeza sikio.

"Mbona kama anaimbia ndani ya pipa?"

"Ni santuri ya zamani, shangazi. Karibu miaka mia."

Ikaisha. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Tukasikiliza mara tatu, chaji ikawa inakaribia kukata. Kisha akarudi jikoni, na alipofika mlangoni akageuka.

"Jumapili mazoezi yenu saa ngapi?"

"Saa tisa, shangazi."

"Washenga niliwaambia waje saa nane. Nitawapigia waje saa kumi na mbili."

Akaingia kuwasha moto. Sikuuliza anataka kuwaambia nini.