Kumsikiliza Kila Mmoja kwa Shida Yake: Deni la Haki katika Parokia Zetu



Ndugu waamini, na ninyi viongozi wa walei mnaobeba pamoja nasi mzigo wa uchungaji. Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia rushwa, ardhi na haki za wafanyakazi, mambo ambayo mara nyingi wakosaji wake wako nje ya uwanja wa kanisa. Safari hii mkosaji yumo ndani. Tunasema bila kuuma maneno kwamba namna ushauri nasaha unavyotolewa katika parokia zetu nyingi ni dhuluma kwa wale wenye shida nzito kuliko wengine, na kwamba sisi mapadre ndio wa kwanza kustahili lawama.

Tuchukue mfano. Tumeuunganisha kutokana na habari za watu kadhaa, tukaondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Yuko mama mjane mwenye watoto wanne, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Tangu usichana wake ana kifafa pia. Dawa za kifafa anazichukua zahanati ya jirani. Dawa za kufubaza virusi anazifuata hospitali ya mbali, kwa basi, ili asikutane na mtu wa kijijini kwake. Kule hospitali hawajui habari ya kifafa, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na yeye amefundishwa tangu utoto kwamba ugonjwa huo hausemwi. Zahanati nao hawajui habari ya virusi. Nyumbani, shemeji yake amekwisha kung'oa alama za mipaka ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe.

Mama huyo alikuja parokiani kutafuta ushauri. Alipokelewa na kamati ya watu sita, chini ya mwembe, baada ya Misa ya pili, wanakwaya wakipita huku na huku. Akaeleza habari ya shamba, kwa sababu ndilo jambo pekee linaloweza kusemwa mbele ya watu sita. Akaambiwa amsamehe shemeji yake, asali novena, asikose jumuiya, nayo kamati ingetafuta nafasi ya kuzungumza na ukoo. Shauri hilo halikuwa baya. Lingeweza kutolewa kwa mtu yeyote mwenye ugomvi wowote, na hapo ndipo ubovu wake ulipo.

Miezi ikapita. Kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha kwamba virusi havikupungua. Hospitalini akaambiwa hamezi dawa. Akaapa kwamba anameza kila siku, hakusadikiwa. Akakata tamaa, akaanza kweli kuziacha.

Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitali na kabamazepini, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za virusi mwilini, ikiwamo dolutegravir inayotumiwa sana siku hizi. Mama alikuwa akisema kweli. Daktari anayejua magonjwa yote mawili aweza kubadilisha dawa mojawapo au kurekebisha kiasi chake. (Mtu yeyote asiache dawa kwa kusoma ukurasa huu, achukue kadi zake zote mbili, amwonyeshe daktari.) Na aliyegundua jambo hilo hakuwa padre wala mjumbe wa kamati. Alikuwa mama mmoja wa WAWATA aliyemtembelea nyumbani mara nne, akakaa naye jikoni akichambua mboga bila kuuliza kitu, hata siku ya nne akaona makopo mawili ya dawa juu ya kabati. Akauliza kwa upole. Wiki iliyofuata walipanda basi pamoja, makopo yote mawili yamo mkobani.

Ndugu zangu, jikoni kulifanyika nini ambacho hakikufanyika chini ya mwembe? Mtu mmoja alisikilizwa na mtu mmoja, kwa muda wake mwenyewe, katika shida zake zote kwa pamoja. Shida za mama yule hazikuwa nne zilizopangwa foleni. Zilikuwa fundo moja. Kifafa kilificha virusi, virusi vilificha kifafa, hofu ya kujulikana ilimpeleka hospitali ya mbali, nauli ya hospitali ya mbali ilikula fedha za kupigania shamba. Ukivuta uzi mmoja tu, fundo linazidi kukaza.

Tunajua mazoea haya yametoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baada ya hapo mnasihi hakuwa na dawa ya kumwelekeza mtu. Alimtayarisha kupokea majibu, alimfariji, alimsaidia kufa kwa amani. Wengi walifanya kazi hiyo kwa upendo mkubwa, na hatuwadharau. Lakini tangu mwaka 2004 dawa zinatolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na yule aliyetayarishwa kufa sasa analea wajukuu. Anayemwachisha dawa huyu ni njaa; yule ni pombe; mwingine anazificha kwa mume; mwingine ameambiwa na mwombezi kwamba amekwisha kupona na kuendelea kumeza ni kukosa imani. Je, hao wote tuwape hotuba ileile ya robo saa?

Mtakatifu Marko, katika sura ya nane, anatuambia kwamba kipofu wa Betsaida alishikwa mkono na Bwana akatolewa nje ya kijiji kwanza. Akaguswa, akaulizwa kama anaona kitu. Akajibu kwa unyofu kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumwambia kwamba imani yake ni haba, wala hakumwandika katika kitabu cha waliopona. Alimgusa mara ya pili. Bartimayo, kipofu vilevile, aliulizwa anataka afanyiwe nini, akaponywa kwa neno tu. Yule wa sura ya tisa ya Yohane alipakwa tope akatumwa kwenda kunawa Siloamu. Upofu mmoja, njia tatu. Sisi tunao upofu wa namna mia na njia moja, na hiyo moja tunaifanyia hadharani.

Wako watakaosema kwamba kumpa mtu mmoja vikao vinane, na nauli juu yake, huku mwingine akipewa kikao kimoja, ni upendeleo. Neno hili tumelisikia katika vikao vya Halmashauri ya Walei, nalo husemwa kwa sauti ya mtetezi wa haki. La hasha! Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake; hakufundisha kwamba haki ni kuwapa wote kibaba kilekile. Katika Matendo ya Mitume waamini wa kwanza waligawiwa kwa kadiri ya uhitaji wa kila mmoja, na wajane waliozungumza Kigiriki walipoachwa nyuma katika huduma ya kila siku, Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba kwa ajili ya kazi hiyo. Ndiyo kusema, walibadilisha utaratibu wa Kanisa kwa sababu ya watu walioachwa nyuma.

Wengine watasema sisi si waganga wala wanasheria. Kweli kabisa, na heri tungelikumbuka hilo mapema zaidi, kabla ya kutoa mashauri kuhusu maradhi tusiyoyajua. Seminarini tulisoma falsafa na teolojia kwa miaka, na sanaa ya kusikiliza kwa saa chache. Lakini kutojua si ruhusa ya kumsukuma mtu mlangoni na kumwambia aende hospitali, aende mahakamani. Mwenye fundo la shida akitumwa peke yake sehemu tatu, hufika moja au hafiki popote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kuwa na ardhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Mama yule hakuyajua hayo, na watu sita chini ya mwembe hawakumpeleka kwa anayeyajua.

Kuhusu siri tutasema kwa ukali. Kinachosemwa katika kitubio kinalindwa na muhuri, nasi tunajivunia hilo. Lakini kinachosemwa ofisini kwa paroko au mbele ya kamati kinafika sokoni kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kumharibia mtu jina lake jema isivyo halali, na kuingilia haki yake ya kutunza mambo yake ya siri. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI inalinda siri ya majibu ya vipimo. Kiongozi wa jumuiya anayeomba sala ya pamoja kwa ajili ya "mwenzetu fulani mwenye tatizo lile" amevunja kanuni hiyo kwa kisingizio cha ibada. Tumeona watu wakihama kigango kwa sababu ya sala ya namna hiyo.

Kwa hiyo tunadai haya. Kamati zisizidi kuwaita watu wenye shida nzito mbele ya baraza. Kila mmoja aulizwe angependa kusikilizwa na nani, mwanamume au mwanamke, padre au mlei, wapi na saa ngapi. Kikao cha kwanza kiwe cha kusikiliza tu, bila shauri lolote. Mnasihi asimwache mtu njiani: akimtuma hospitali au kwa msaidizi wa kisheria, mwenye shida akiridhia, awepo wa kumsindikiza, na baada ya wiki mbili aulizwe limefikia wapi. Akirudi bila kupona, aguswe mara ya pili.

Mtatuuliza fedha zitatoka wapi. Tumepitia taarifa za mapato na matumizi za parokia kadhaa. Tulikuta fungu la mapambo ya altare, fungu la sare za kwaya, fungu la sherehe ya jubilei, na katika parokia moja fungu la kupaka rangi mnara kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu. Fungu la nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake hatukulikuta popote. Kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei kitakapojadili bajeti, mjumbe yeyote anyoshe mkono aulize liko ukurasa wa ngapi, na asikae mpaka ajibiwe.