Nesi Mtarajiwa na Vidonge vya Wikiendi

Mwezi huu nina langu moyoni.

Mdogo wangu anasomea unesi, mwaka wa pili. Juzi kaja kulala kwangu, nikakuta vidonge vya tramadoli kwenye pochi yake. Nikadhani mgongo. “Ah dada, ni vya wikiendi tu, kundi letu zima tunatumia. Si tumevisoma? Dozi tunaijua.”

Yaani niliishiwa nguvu. Eti anaijua! Anajua tramadoli na heroini ni ukoo mmoja, anajua ukizidisha unaanguka kama mwenye kifafa, ukichanganya na pombe pumzi inaweza kukata. Mtihani wa dawa kaufaulu, tena vizuri. Ila Jumatatu akivikosa, kutwa miayo na jasho, anasema ni malaria. Mtaani wanaita arosto, shosti!

Nikamwambia twende Muhimbili, kliniki ya methadoni ipo tangu 2011. Kanuna. “Mimi si teja!” Tukaishia kwa daktari mwingine, akamwambia asiache ghafla, apunguze kidogo kidogo kwa uangalizi wake.

Chuoni je? Nikisema, naogopa watamfukuza na tatizo ataondoka nalo. Nikinyamaza, ndiye atakayemchoma sindano mama wa mtu huku mikono inatetemeka.

Mafunzo ya wodini yanaanza Jumatatu. Nimempa hadi Ijumaa amweleze mwalimu wake mwenyewe, nami nitamsindikiza. Tangu jana hapokei simu zangu.