Tani Moja kwa Ithibati Gani?

Pikapu kongwe za Marekani zenye kabini mbili na milango minne, ambazo zamani zilinunuliwa aghalabu na kampuni za reli, za umeme na za misitu zilizotaka gari moja lichukue mafundi sita pamoja na zana zao, leo zinatafutwa kwa shauku kubwa, na muuzaji huona fahari kuitangaza yake kuwa ni ya tani moja, hali ushahidi wake wote ni nembo ya 30 iliyobandikwa kwenye madigadi.

Rai yangu ni kwamba ushahidi huo asiukubali mtu yeyote anayethamini roho za abiria wake. Nembo hung'oka na kuhamishwa, na madigadi ya Chevrolet C30, ambayo ni ya tani moja, hukaa barabara juu ya C20, ambayo ni ya robo tatu ya tani. Nati nane za gurudumu nazo hazikati shauri, kwani magari yote mawili huwa nazo.

Ithibati huanzia kwenye nambari ya chasisi. Katika Chevrolet zilizoundwa tangu 1973, mwaka ambao kampuni hiyo ilileta pikapu zake za kabini mbili, hadi 1980, alama ya nne ya nambari hiyo hutaja daraja: 2 ni robo tatu ya tani, 3 ni tani moja. Nusu tani haimo, kwa kuwa kiwanda hakikuunda kabini mbili ya daraja hilo.

Lakini hata daraja ni lakabu tu. Ford ilipoileta F-150 mwaka 1975, iliipa uzito wa juu ulioruhusiwa, pamoja na mzigo, wa kupita ratili 6,000 ili iepukane na masharti ya moshi yaliyoyabana magari mepesi zaidi, na bado watu wakaendelea kuiita nusu tani. Neno la haki limo katika kibandiko cha mlangoni mwa dereva, kinachotaja uzito wa juu ulioruhusiwa wa gari, mafuta, watu na shehena kwa jumla. Tuseme kimeandikwa ratili 8,600, yapata kilo 3,900, na mizani ikaonyesha gari tupu lina 5,600: zimebaki 3,000, na watu wazima sita wakiketi wamekwisha kutwaa kiasi cha 1,000, kabla hata gunia moja halijapakiwa. Chuma cha kabini ya pili kimekula sehemu ambayo mnunuzi alidhani ni ya mzigo.

Kibandiko kikiwa kimefutika kwa rangi mpya, itazamwe karatasi ya kiwanda iliyogandishwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, inayoorodhesha vifaa gari lilivyotoka navyo; nayo ikikosekana, gari lihesabiwe kwa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, kiwe springi, ekseli, breki au tairi. Na muuzaji anayetaka bei ya tani moja naaonyeshe picha ya kibandiko hicho katika tangazo lake, pamoja na stakabadhi ya mizani.