Nguo za marehemu na sindano ya watoto

Najua nimepotea wiki mbili. Test zilipangana kama mabehewa. Sasa nimepumua kidogo, nipo zangu kwenye kimbweta na chai ya rangi, na nina hoja.

Nitaisema mapema ili mwenye kuwahi foleni ya chakula asipoteze muda. Msiba ukiisha nyumbani, kabla nguo za marehemu hazijagawanywa zote kwa watu wazima, watoto aliowaacha wapewe sehemu yao. Sio wawekewe juu ya kabati. Wazikate, wakae chini na wakubwa, washone blanketi la viraka la kujifunika wenyewe. Na wavulana wakiwemo.

Tuelewane kwanza hilo neno, maana najua kuna mtu ameshakunja uso. Kamusi inalo neno zuri, mfarishi, lakini mie sijawahi kusikia mtu akilisema kwetu. Kwetu ni blanketi la viraka, basi. Unachukua vipande vya nguo vilivyochoka, unaviunganisha viwe kitambaa kimoja kikubwa, chini unaweka shuka, katikati unaweka kitu cha kuleta joto, kama blanketi lililotoboka au masweta mabovu, halafu unashona vyote vitatu pamoja. Tatizo ni kwamba kwetu kiraka ni habari ya umaskini. Mtoto akienda shule na kiraka kwenye makalio anachekwa hadi darasa la saba.

Sasa hebu turudi nyuma kidogo. Kabla ya pamba kufika, watu wa magharibi ya Ziwa Victoria, Wahaya na Waganda, walivaa na kujifunika lubugo, yaani nguo ya gome la mti. Gome la ndani linavuliwa msimu wa mvua, linapigwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kutanuka. Mahali palipokuwa na tawi panabaki tundu, na tundu linazibwa kwa kiraka kinachoshonwa vizuri kabisa. Hiyo haikuwa aibu, ndivyo kazi ilivyo. Mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufundi huo wa Buganda kuwa urithi wa binadamu. Kwa hiyo ukiniambia blanketi la viraka ni mambo ya wazungu wenye muda wa kupoteza, nitakuuliza babu yako alijifunika nini.

Mimi kwetu ni Bumbire, kisiwa cha upande wa Muleba. Ukikitafuta kwenye vitabu vya historia unakutana na Stanley na bunduki zake mwaka 1875. Ukikiuliza leo mjini Bukoba utaambiwa habari za dagaa. Kushona hakuna anayekuandika. Lakini mkoa wetu una habari moja ya nguo ambayo kila mtu wa umri wa wazazi wangu anaijua. Ukimwi ulipoingia Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla haujawa na jina la hospitali, watu waliuita Juliana. Juliana ilikuwa nguo ya fasheni iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, kila mwenye pesa akiitaka. Wagonjwa 3 wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Yaani sisi ugonjwa tuliupa jina la kitambaa.

Na huko San Francisco, Marekani, watu waliokuwa wanazika marafiki zao kwa ugonjwa huohuo walikimbilia kitambaa pia. Mwaka 1987 bwana mmoja, Cleve Jones, na wenzake walianza kushona blanketi la kumbukumbu. Kila marehemu kipande chake, futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi. Oktoba mwaka huohuo walilitandaza Washington likiwa na vipande 1,920. Leo vimefika kama 50,000 na uzito wake ni tani 54. Watu walishonea humo mashati, suruali za jinzi, hata midoli ya marehemu. Nilipoona picha yake kwa mara ya kwanza nilijiuliza, na sisi Kagera, tuliofiwa kijiji kwa kijiji, nguo za watu wetu zilikwenda wapi?

Zilikwenda matanga. Mnajua inavyokuwa. Siku ya kuanua matanga nguo zinatolewa nje, huyu anapewa gauni, yule kanga, shangazi anachukua kitenge kile kizuri, na mwisho wa siku mtoto anamwona mama mwenye duka amevaa sketi ya mama yake. Sisemi ni wizi. Kugawa kuna maana yake, na mwenye shida ya nguo ana shida kweli. Ila mtoto ndiye anayetoka pale mikono mitupu, kwa sababu nguo hazimtoshi. Eti hazimtoshi!

Wenzetu wa Uganda walishaliona hili kwa namna yao. Miaka ya 1990 akina mama wa NACWOLA waliokuwa wanaishi na virusi walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: umezaliwa wapi, ulipenda nini, babu yako ni nani. Na kwetu Nshamba, hukohuko Muleba, mradi wa Humuliza ulianza mwaka 1997 kuwashughulikia yatima kwa upande wa moyo, sio wa unga na daftari tu. Mambo mazuri sana hayo. Lakini kitabu kinataka mama aliyejua anakufa na mtoto anayejua kusoma. Tangu 2004 dawa za kufubaza zinatolewa bure na mambo yamebadilika, Mungu ashukuriwe. Wazazi wa siku hizi kule visiwani wengi wanaondoka ghafla. Mtumbwi unapinduka, uzazi unaharibika. Hakuna muda wa kuandika chochote. Zinabaki nguo.

Dada yangu alifariki 2023. Aliacha watoto watatu, mkubwa ana miaka 10 wakati ule, wa kati 7, mdogo 4. Ugonjwa wake sitauandika hapa. Nguo zilipotolewa nje nikamwomba shemeji magauni mawili, kitenge kimoja, kanga doti tatu na sare yake ya kwaya. Mama mkubwa akaniuliza, "Wewe mwanaume, kanga za nini?" Nikamwambia, shikamoo mama, naomba unisikilize. Akanisikiliza. Hakukubali, lakini alinyamaza, na kwetu mama mkubwa akinyamaza hiyo ni ruhusa (teh teh teh).

Tulishona likizo nzima, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Tulikata kipimo cha boksi, inchi 6 kwa 6. Mtoto wa miaka 4 hashiki mkasi wala sindano, kazi yake ilikuwa kupanga vipande chini kwenye mkeka na kuamua kipi kikae karibu na kipi. Alikuwa dikteta. Huwezi kuhamisha kipande bila kibali chake. Wa miaka 7 alitunga uzi na kupiga bandi, kushona kwa hatua ndefu ndefu kushikilia vipande. Wa miaka 10 alishona kabisa, kwa mkono, maana cherehani hatukuwa nayo na nashukuru hatukuwa nayo. Cherehani ingemaliza kazi siku mbili. Sisi tulitaka siku nyingi.

Kwa sababu mtoto haongei ukimkalisha kitini ukamuuliza unajisikiaje. Hapo atakuangalia tu. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno yanatoka yenyewe. Kwenye sare ya kwaya wa kati akasema, mama alikuwa anaimba vibaya nyumbani, vizuri kanisani. Tukacheka mpaka mama mkubwa akatoka jikoni kuangalia. Kwenye gauni la bluu mkubwa akasimama, akaenda ziwani, akarudi jioni, akalishona lile la bluu peke yake. Hakuna aliyemuuliza. Kanga zilileta ubishi. Mimi nilitaka kukata popote, mkubwa akakataa, akasema jina la kanga lisikatwe, likae zima pembeni watu walisome. Kwa hiyo majina matatu ya kanga yamekaa kwenye pindo la blanketi kama mama bado anasema.

Na hesabu, wandugu! Mie nasomea ualimu wa hisabati na jiografia, nimekesha nikitafuta zana za kufundishia sehemu na maeneo. Vipande 80, vinane kwa kumi, kila kimoja inchi 6. Nikamuuliza mkubwa blanketi litakuwa na ukubwa gani. Akasema 48 kwa 60. Tulipomaliza tukapima, likatoka 44 kwa 55. Inchi zimekwenda wapi? Alikaa na hilo swali siku mbili, akaligeuza blanketi upande wa ndani, akapima mshono. Robo inchi kila upande, nusu inchi kila kipande. Hakuna aliyemfundisha. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali, na nasikia wenzangu wanalalamika vifaa hakuna. Sawa, vya kuchomelea vyuma hakuna. Ila kila nyumba ina mfuko wa matambara.

Tukija kwa wavulana. Wa kati ni mvulana, na siku ya pili jirani akamwona na sindano akasema huyu mtamharibu. Shemeji naye akaunga mkono, kazi ya wanawake hiyo. Mnajua alikuwa anafanya nini wakati anasema? Amekaa mlangoni, ameshika sindano ya nyavu, anashona nyavu yake iliyochanika! Mwaloni kote Bumbire asubuhi utakuta wanaume wazima, vifua vipana, wamekaa mchangani wanashona kutwa nzima na hakuna anayeharibika. Nikamwambia, kwa heshima, shemeji hebu angalia mkono wako. Akauangalia. Hakusema kitu. Siku ya mwisho tulipokwama kwenye pindo, uzi wetu wa dukani unakatika kwenye unene wa tabaka tatu, aliingia ndani akatoka na uzi wa nailoni, akazungushia pindo lote yeye mwenyewe kwa fundo la nyavu. Halitafumuka hilo hata ulivute na injini.

Kuna wanaopinga kwa sababu nzito zaidi, nao nawaheshimu. Wazee wengine wanasema kulala na nguo ya marehemu ni kumwita. Kwa huyo sibishani, mila ina mwenyewe, ila namkumbusha kwamba hata ukigawa kuna mtu analala nazo. Wengine wanasema unachokonoa kidonda, mtoto angesahau. Hapa nabisha. Mtoto wa miaka 4 kweli atasahau, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Atasahau sura, sauti, harufu, halafu akifika miaka 15 atauliza na kila mtu atamjibu "alikuwa mtu mzuri". Jibu gani hilo? Akiwa na kipande cha sare ya kwaya, kuna kaka yake wa kumwambia kuhusu kuimba vibaya nyumbani.

Na kuna hili la tatu ambalo nalisikia zaidi hapa chuoni: kwa nini msinunue blanketi jipya, laini, lenye picha ya simba? Nunueni, tena nawaunga mkono, upepo wa ziwa usiku sio mchezo. Wale watoto wanalo. Liko kwenye kitanda cha wageni. Mama anasema usiku wanalala watatu chini ya lile la viraka na wanagombana nani akae upande wa kanga. Blanketi ni moja, watoto ni watatu. Hesabu hiyo sijaipatia jibu. Kukata lile katikati haiwezekani, na nguo zilizobaki hazitoshi vipande 160.

Kwa hiyo wadau, mwenye kitambaa cha zamani hapa hosteli, kitenge, shati, hata shuka lenye maua, aniletee kabla ya likizo. Natengeneza mengine mawili, nitachanganya: katikati vipande vya dada, kuzunguka vyenu. Mkubwa amenitumia vipimo tayari kwa simu ya baba yake, ameongeza nusu inchi kila kipande. Sindano ninazo. Mwenye kutaka kujifunza kupiga bandi anikute kimbwetani Jumamosi asubuhi, na wavulana msijifanye hamjasoma hapa.

Naomba kutoa hoja.