Gari la familia, sehemu ya 3: "Carina haifi"

Jamani, mnaoandika "nunua tu, Carina haifi" mnaniudhi. Mgonjwa akija anatembea, mimi bado nampima presha. Huku Chato Carina kibao zimepiga mchomoko miaka, watu wanane ndani, halafu zinapakwa rangi unaambiwa "ilikuwa ya mwalimu". Kilomita za dashibodi usizisome, zinarudishwa.

Nenda asubuhi bila taarifa, gusa boneti. Ina moto? Kaishaipasha, anaficha kitu. Iwashwe ikiwa baridi: moshi wa bluu, injini inakula oili. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, rudi nyumbani.

Mimi sikukifungua. Nimesukuma gari usiku nikiwa na sare, mwanangu ana homa kiti cha nyuma.